Manyoya ya Burani

Mwezi wa tano, barafu ya mto Dvina imemeguka usiku
kwa kishindo cha kabati linaloburutwa ghorofa ya juu,
na asubuhi Burani naye ameanza kumeguka:
kishungi kimoja cheupe pajani,
kingine mkiani,
kingine ndani ya kiatu changu cha kazini.

Nina chanuo la chuma la marehemu baba,
lilichana farasi kabla halijachana mbwa.
Nina kigoda. Nina roshani ya ghorofa ya nne,
upana wake mbwa mmoja na mtu mmoja asiyepumua sana.

Usimwoshe kwanza. Hilo nilijifunza kwa machozi:
fundo likishakunywa maji halisikii tena la mtu.
Anza nyuma, kwenye mapaja, penye aibu ndogo,
gawa singa kwa kidole kama anayetafuta njia nyasini
mpaka uione ngozi, ya waridi, yenye joto,
mahali ambapo baridi ya huku haijawahi kufika.
Singa za juu ni za mvua na za macho ya watu.
Sufu ya chini ndiyo yake mwenyewe.
Hiyo ndiyo inayotoka.

Inatoka, ndugu yangu. Inatoka
kama siri mdomoni mwa mlevi:
ukivuta moja zinakuja sita.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
huyu alijaza ndoo, akajaza beseni la kufulia,
akanitazama kwa jicho la mdai,
akageuka, akanipa ubavu wa pili.

Nyuma ya sikio nilikuta fundo gumu kama kokwa.
Hapo mkasi hushawishi. Niliuweka mbali.
Nikalichambua kwa vidole, uzi kwa uzi,
naye akalalama kidogo, kwa adabu,
kama mzee mbele ya daktari wa meno.
Ndani yake: utomvu wa msonobari wa mwaka mpya.
Miezi minne kaitembeza sikukuu, hakusema.

Upepo ulipokuja sikuwa tayari.
Theluji ya pili ilianguka Arkhangelski siku ile,
kutoka ghorofa ya nne hadi ya tatu tu,
ikatua juu ya shuka za Kapitolina Zakharovna,
juu ya samaki wake walioanikwa,
na, kama alivyonieleza mlangoni bila salamu,
ndani ya supu ya kabichi.

Niliomba radhi. Burani aliomba radhi
kwa kulala kifudifudi na kuziba mlango mzima.
Yule mama alikuwa amebeba ushahidi, konzi moja,
anaupunga mbele ya pua yangu,
na vidole vyake vikaanza kazi bila ruhusa yake:
vikavuta, vikasokota,
hasira ikiendelea mdomoni
uzi ukatokea mkononi.

Akanyamaza. Akautazama.
"Hii unaitupa?"
"Naitupa."
"Wewe mtoto wewe," akasema, "unaitupa,
na mimi kiuno kinaniua tangu siku za kiwanda cha mbao."

Siku hizi nachana dirisha likiwa limefungwa.
Jumamosi anapanda na foronya tupu,
anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatenga:
hii ndefu hapana, hii chafu hapana, hii ndiyo.
Hatuongei sana. Yeye ana mwana asiyeandika,
mimi nina zamu za usiku.
Kati yetu pana mbwa, na mbwa hana haraka.

Mwezi wa kumi alikuja ameuvaa.
Mshipi mpana, mweupe wa maziwa ya jana,
akainua sweta kidogo kunionyesha, kama msichana.
"Na kiuno?" nikauliza.
"Kiuno ni kilekile," akasema.
"Ila sasa kina mwenzake."

Burani akasogea, akaunusa mshipi,
akaunusa tena, akarudi nyuma hatua mbili,
na yeye, ambaye hata fundi wa bomba hajapata kumbwekea,
akabweka.